Ukaguzi wa Ndege Zinazovuja Mafuta Usingoje Maafa

MKAZI wa Kitengela hahitaji kwenda Embakasi ili azione ndege. Humfuata nyumbani kwake. Asubuhi akiwa kwenye kituo cha matatu kando ya barabara ya Namanga, husikia mngurumo wake ukija kutoka upande wa mbuga ya wanyama. Usiku akiwa kitandani huziona taa zake zikimulika pazia. Juu ya vichwa vyetu hupita ndege kubwa za abiria ziendazo na zitokazo Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, na chini yake hupita ndege ndogo za Uwanja wa Wilson na za uwanja mdogo wa Orly uliomo humu humu Kajiado. Wengi wa majirani zetu hula mkate wao katika viwanja hivyo: mafundi, wapakiaji mizigo, wahudumu, walinzi na madereva. Kwa hiyo habari ya ndege inayovuja mafuta isichukuliwe kuwa ni habari ya matajiri wasafirio ng'ambo. Inamhusu aliyemo ndani ya ndege, na inamhusu vilevile aliye chini yake akipalilia sukuma wiki.

Kila mara mamlaka za usafiri wa anga za Marekani na za Ulaya hutoa mapendekezo kwamba ndege za aina fulani zikaguliwe kwa sababu imegunduliwa kwamba mafuta yanaweza kuvuja: pengine kwenye kiungo cha bomba, pengine kwenye ukuta wa tangi, pengine mahali ambapo waya umesugua mrija. Nchini Marekani pendekezo la namna hiyo huchapishwa hadharani, kisha mashirika ya ndege, watengenezaji na umma hupewa muda, aghalabu siku 45, wa kutoa maoni. Baadaye amri kamili hutolewa, nayo huweka muda mwingine wa kuitekeleza. Jambo likiwa la dharura, amri hutolewa mara moja pasipo kungoja maoni. Utaratibu huo una busara yake, kwa kuwa amri isiyopimwa yaweza kuleta hasara bure. Lakini swali letu leo ni hili: wakati Washington ikisubiri maoni, Nairobi inafanya nini?

Kabla ya kulijibu, yafaa msomaji aelewe mafuta ya ndege hukaa wapi. Si kama gari, ambalo tangi lake hufichwa nyuma. Katika ndege kubwa za abiria, mabawa yenyewe ndiyo matangi. Ndani ya lile bawa unaloliona dirishani mmejaa mafuta yaliyo jamaa ya mafuta ya taa, na mara nyingi kuna tangi jingine katikati, chini ya sakafu walipokaa abiria. Mafuta hayo, yakipashwa joto kufikia kiasi cha nyuzi 38 hivi, huanza kutoa mvuke uwezao kushika moto. Sasa fikiria kwamba injini zimening'inizwa chini ya mabawa hayo hayo, na kwamba breki za magurudumu baada ya kutua huwa na joto la mamia ya nyuzi. Umbali kati ya mafuta na moto ni mdogo mno, na kinachovitenga ni viungo, mipira, nati na bolti.

Wahenga walisema chururu si ndo ndo ndo. Mafundi wa ndege wanaujua ukweli huo kuliko sisi, maana katika vitabu vyao uvujaji hugawanywa kwa daraja. Kuna doa tu, kuna unyevu, kuna unyevu mkubwa, na kuna mafuta yanayotiririka. Fundi hupapangusa mahali penyewe, hupakausha, kisha hungoja kwa muda uliowekwa ili apime ukubwa wa eneo lililoloa tena. Doa dogo mahali palipo wazi na penye upepo laweza kuruhusiwa kwa muda, mradi liangaliwe. Mafuta yanayotiririka, au unyevu ulio mahali palipofungika karibu na joto, humzuia rubani asipae. Basi hatusemi kwamba kila tone ni msiba. Tunasema kwamba tofauti kati ya doa na msiba hujulikana na mtu mmoja tu, naye ni yule aliyeinama chini ya bawa akatazama. Asipoinama, hakuna ajuaye.

Mifano haikosi. Tarehe 24 Agosti 2001, ndege ya shirika la Air Transat ilikuwa ikivuka Bahari ya Atlantiki kutoka Toronto kwenda Lisbon ikiwa na watu 306. Siku chache kabla ya safari hiyo, injini ya kulia ilikuwa imebadilishwa, na mafundi wakafunga sehemu zisizolingana. Bomba moja likawa linasugua bomba la mafuta hadi likapasuka. Marubani hawakutambua mapema kwamba mafuta yalikuwa yanavuja. Walidhani ni kutolingana kwa matangi, wakafungua njia ya kupeleka mafuta mazima upande ule ule uliopasuka. Injini zote mbili zikazimika juu ya bahari. Ndege ikapepea bila injini kwa muda wa dakika 19 hivi hadi ikatua katika kisiwa kimoja cha Azores. Watu wote waliokoka. Ilikuwa bahati iliyochanganyika na ustadi, na hakuna nchi iwezayo kuendesha usafiri wa anga kwa kutegemea bahati.

Mfano wa pili una uzito zaidi kwetu, maana unahusu Boeing 737-800, aina ambayo shirika letu la taifa, Kenya Airways, limeitumia kwa miaka mingi. Tarehe 20 Agosti 2007, ndege ya China Airlines ilitua salama Naha, nchini Japani, ikaenda mahali pa kuegesha. Abiria walikuwa tayari kushuka. Ndipo mafuta yalipoonekana yakimwagika kutoka bawa la kulia, na moto ukawaka. Watu wote 165 walitoka mbio, ndege ikateketea. Wachunguzi walikuta kwamba bolti ya kile kibawa cha mbele, ambacho huchomoza wakati wa kupaa na kutua, ilikuwa imeanguka, na kibawa kiliporudishwa ndani bolti hiyo ikatoboa ukuta wa tangi. Kwa nini ilianguka? Kwa sababu washa moja ndogo haikuwapo mahali pake.

Na hapa msomaji atulie. Mtengenezaji wa ndege hiyo alikuwa ameyaandikia mashirika barua tangu Desemba 2005 kuhusu nati ya mahali hapo iliyokuwa ikilegea. Shirika lilishughulikia barua hiyo mwaka 2006. Yaelekea washa ilipotea katika kazi ile ile iliyokusudiwa kuzuia hatari. Baada ya moto huo, mamlaka ya Marekani ilitoa amri ya dharura kwamba ndege zote za jamii hiyo zikaguliwe ndani ya siku 24. Ndege nyingine zilipokutwa na kasoro, muda ukapunguzwa kuwa siku 10. Kumbe muda waweza kufupishwa pakiwa na nia. Lakini ilibidi kwanza ndege nzima iungue mbele ya macho ya ulimwengu.

Mfano wa tatu ni wa Boeing 787, ile ndege mpya iliyosifiwa kuwa maajabu ya uhandisi. Ethiopian Airlines ilikuwa ya kwanza Afrika kuipokea, mwezi Agosti 2012. Kenya Airways ilipokea yake ya kwanza Aprili 2014. Desemba 2012 mamlaka ya Marekani iliamuru viungo vya mabomba ya mafuta katika ndege hizo vikaguliwe baada ya kuonekana kwamba vingine havikufungwa sawasawa. Hapakuwa na kuzeeka wala kutu. Ndege zilikuwa mpya kabisa. Hivyo wale wasemao kwamba uvujaji ni ugonjwa wa ndege za mitumba peke yake wanajidanganya. Ndege mpya yaweza kuzaliwa na kasoro, na ndege kongwe iliyotunzwa yaweza kuwa salama kuliko mwenzake wa jana. Kinachoamua ni ukaguzi.

Tunajua majibu ya wapinzani wa ukaguzi wa haraka. Watasema kwamba ndege ikisimamishwa, shirika hupoteza fedha. Kwamba mashirika yetu yamekwisha kuelemewa na madeni na bei ya mafuta. Kwamba watalii watahangaika. Hoja hizo si za kipuuzi, na hatuzibezi. Hata hivyo, mamlaka ya Marekani inapokadiria gharama ya ukaguzi, kwa miaka mingi imehesabu dola 85 kwa kila saa ya kazi ya fundi. Ukaguzi wa kutazama kwa macho ukichukua saa nne, basi gharama ya kazi ni dola 340 kwa ndege. Ongeza gharama ya ndege kukaa chini usiku mmoja, ambao pengine ingekaa chini kwa vyovyote. Linganisha na thamani ya ndege, kisha, ukiweza, linganisha na thamani ya roho moja. Matengenezo makubwa huenda yakagharimu mengi, lakini kutazama ni rahisi, na ni kutazama tunakokudai kwanza.

Wengine watasema: tungoje tu amri ya Marekani, wao ndio watengenezaji, wao ndio wajuao. Hoja hii ndiyo tunayoipinga kwa nguvu zetu zote, na sababu yetu imeandikwa kwa machozi. Tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya Lion Air, Boeing 737 MAX, ilianguka baharini huko Indonesia, watu 189 wakafa. Mwezi uliofuata mamlaka ya Marekani ilitoa amri kuhusu maelekezo kwa marubani, lakini ndege za aina hiyo ziliachwa ziendelee kuruka. Dunia ikangoja. Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines ya aina hiyo hiyo iliondoka Addis Ababa kuja hapa Nairobi. Haikufika. Watu 157 waliangamia, na Wakenya 32 walikuwa miongoni mwao, idadi kubwa kuliko ya taifa jingine lolote. Baada ya ajali hiyo, China na nchi nyingine nyingi zilizisimamisha ndege hizo kabla ya Marekani, ambayo ilifanya hivyo tarehe 13 Machi. Kosa la ndege hiyo halikuwa mafuta, lilikuwa mfumo wa kuielekeza. Lakini funzo ni lile lile: aliyeitengeneza ndege si lazima awe wa kwanza kuisimamisha, na jamaa waliokwenda kungoja wageni wao Embakasi siku ile ndio waliolipa gharama ya kungoja.

Hata kabla ya hapo Embakasi ilikuwa imekwisha kutupa funzo. Tarehe 20 Novemba 1974, Boeing 747 ya Lufthansa ilianguka mara tu baada ya kupaa kutoka uwanja huo, ikashika moto. Kati ya watu 157 waliokuwamo, 59 walikufa. Vibawa vya mbele ya mabawa havikuwa vimefunguka, na hapakuwa na chombo cha kuwaonya marubani ipasavyo. Baadaye onyo liliongezwa katika ndege za aina hiyo. Hiyo ilikuwa ajali ya kwanza ya vifo ya 747 duniani, na ilitokea hapa petu, ng'ambo ya mbuga tu.

Sasa turudi kwenye swali letu. Je, sheria inairuhusu Kenya kutangulia? Naam, inairuhusu, na hata inaitaka iwe macho. Chini ya mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga duniani, nchi iliyoisajili ndege ndiyo yenye jukumu la kuhakikisha kwamba inafaa kuruka. Nchi iliyoibuni ndege hutuma taarifa. Nchi iliyoisajili huzipokea, huzipima, na kuchukua hatua. Ndege yenye alama ya 5Y ubavuni imesajiliwa Kenya, kama vile 5H ni Tanzania na 5X ni Uganda. Kwa ndege ya 5Y, neno la mwisho ni la Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, iliyoundwa mwaka 2002, wala si la ofisi yoyote ya Marekani. Februari 2017 mamlaka yetu ilipewa na Marekani daraja la kwanza la usalama, jambo lililofungua njia ya safari za moja kwa moja hadi New York zilizoanza tarehe 28 Oktoba 2018. Aliyepewa daraja la kwanza asikae kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, akingoja kuambiwa afungue kitabu ukurasa gani.

Kwa mintarafu hiyo, tunaitaka Mamlaka ifanye mambo yafuatayo.

Kwanza, pendekezo lolote la ng'ambo kuhusu uvujaji wa mafuta lihesabiwe kuwa onyo tangu siku linapochapishwa. Mashirika yaulizwe siku hiyo hiyo ni ndege zipi zinahusika, na pale ambapo mafuta yaweza kufikia injini, breki au waya, ukaguzi wa macho uamriwe katika muda wa siku, si miezi. Amri kamili ikija baadaye, itatukuta tumekwisha kutazama.

Pili, pawepo jicho la pili. Moto wa Naha umetufundisha kwamba mkono unaotengeneza waweza kusahau. Kila mara bomba, kiungo au tangi la mafuta linapofunguliwa, fundi mwingine ambaye hakushika kazi hiyo aikague na kutia sahihi. Bila hivyo, ukaguzi waweza kugeuka kuwa chanzo cha maradhi uliyokuja kuyatibu.

Tatu, matokeo yachapishwe, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, katika maneno ayaelewayo abiria: amri gani imetoka, ndege ngapi za 5Y zinahusika, ngapi zimekaguliwa, ngapi zimekutwa na kasoro. Abiria wa matatu akisikia harufu ya petroli hupaza sauti, dereva akasimama, watu wakashuka. Abiria wa ndege hana dirisha la kufungua wala kituo cha kushukia. Haki yake pekee ni kujua kabla hajapanda.

Nne, ndege za kigeni zinazotua hapa zidaiwe uthibitisho kwamba ukaguzi umefanywa, na wakaguzi wetu waziendee pale zinapoegeshwa, wakainame chini ya mabawa. Ndege ya kukodi isiwe mtoto wa haramu ambaye kila mzazi humsukumia mwenziwe.

Tano, ndege ndogo zisisahauliwe. Anga ya mbuga na ya Kajiado imejaa ndege za watalii na za shule za urubani. Tarehe 5 Machi 2024 ndege ya mafunzo iligongana na ndege ya abiria juu ya Mbuga ya Nairobi, na watu wawili waliokuwa katika ile ndogo wakafariki. Chanzo hakikuwa mafuta, lakini tukio hilo lilionyesha jinsi maisha ya wakubwa na wadogo yalivyofungamana angani. Tangi la ndege ndogo ni dogo, ila moto wake huunguza vilevile.

Sita, na hili ni muhimu kuliko yote, fundi anayesema alindwe. Karatasi haivuji, kinachovuja ni bawa, na wa kwanza kuliona tone ni kijana mwenye tochi, saa tisa za usiku, huku msimamizi wake akitazama saa na abiria wakiamshwa hotelini. Akisema ndege isiende, asionekane mkorofi. Akinyamaza kwa kuhofia kazi yake, amri zote za dunia hazitatufaa kitu. Wazazi wengi wa Kitengela wana mwana au binti katika kazi hiyo. Wangependa arudi nyumbani asubuhi akiwa na dhamiri safi.

Nchi hii imekwisha kuona mafuta yaliyovuja yanaweza kufanya nini. Tarehe 12 Septemba 2011, katika mtaa wa Sinai jijini Nairobi, mafuta yalivuja kutoka kwenye mfumo wa bomba yakaingia katika mtaro, na moto uliozuka ukawaua watu wapatao 100. Hatusemi kwamba bomba la ardhini na bawa la ndege ni kitu kimoja. Twasema tu kwamba siku ile pia kulikuwa na muda, mfupi au mrefu, kati ya tone la kwanza na cheche ya kwanza, na kwamba muda huo haukutumika kuwaokoa waliokufa.

Ukaguzi ndio matumizi ya muda huo. Mapendekezo yapo, na mengine yatakuja mwaka huu na mwakani, maana ndege ni chombo cha chuma na mikono ya binadamu. Wakuu wa usafiri wa anga wasiyasome kama habari za nchi ya mbali. Wayasome wakikumbuka kwamba ndege zinazotajwa humo hupita juu ya nyumba zetu usiku na mchana. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa aina hii, msomaji, hujengwa makaburini.